Gemu Yako Niliyoinunua Mara Mbili

Chebet mwanangu, fundi wa gemu, wa kwanza Kimumu nzima na mtu asinibishie,

Nakuandikia ukiwa umeenda Kesses kuwaaga baba yako na kogo. Najua kogo hatakuachilia upesi. Nyanya yako atakulisha, halafu akulishe tena kama mtu anayepelekwa mahali hakuna sufuria, kwa hivyo nina wakati. Nimekaa kwa meza ya jikoni. Vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa na mkaa, nimevisukuma kando, na laptopu yako ya zamani iko wazi hapa mbele yangu, kwa sababu kuna kitu nimekiona ndani yake ambacho kimenichanganya kichwa kabisa. Nitakifikia. Usiruke mbele.

Habari ya sweta, na maji ya kunywa, na kushika mkoba vizuri ukishuka kwa gari, sitaandika. Nimekwambia hayo wiki nzima mpaka ukaanza kuweka zile waya masikioni. Kesho asubuhi unaenda Nairobi, na kama bado hujayasikia basi hutayasikia.

Nataka kujibu swali lako la Jumapili.

Tulikuwa nyuma ya nyumba tukisafisha vibuyu, wewe unasugua ndani na kijiti, mimi nasaga mkaa wa mti wa senetwet wa kuvipaka ndani. Ukaniuliza bila kuniangalia:

"Mama, ungekuwa ni wewe, ungefunga?"

"Nifunge nini?"

"Ukurasa wangu. Pale watu wananunua gemu kwangu mwenyewe. Hao watu wa Nairobi wanataka ikae kwa duka la mtandaoni peke yake."

Nami nikasema, "Lete hicho kibuyu, shingo yake hujasugua."

Shingo ulikuwa umesugua vizuri sana. Ni vile tu sikuwa na jibu, na mimi nikikosa jibu hutafuta kibuyu cha kulaumu. Hata sasa sina jibu zuri. Lakini kesho kutwa utakuwa umekaa mbele ya hao watu na kalamu mkononi, na sitaki uende ukifikiri mama yako hakukusikia.

Wacha kwanza niandike vile nimeelewa, ndiyo ukiona nimepotea ujue nilipotelea wapi. Gemu yako iko mahali pawili. Kuna duka kubwa la mtandaoni, la wenye kompyuta wa dunia yote, ambapo gemu zimepangwa kama biskuti. Mtu wa mbali huko akitaka yako anailipia dukani, duka linakata fungu lake, halafu wewe unatumiwa kinachobaki. Tena kuna ukurasa wako mwenyewe, ambapo mtu analipa kwa simu, nawe unamtumia gemu yenyewe aiweke kwa mashine yake. Sasa kampuni ya Nairobi inasema itakupa kazi, na meza, na watu wa kukusaidia kutengeneza gemu ya pili, na itaitangaza hii ya kwanza mpaka ng'ambo. Ila ukurasa wako ufungwe. Dukani au hakuna.

Ni hivyo, si ndiyo? Sawa.

Unakumbuka mara ya kwanza uliponieleza? Nilikuuliza, "Sasa mtu akishalipa, anapewa nini mkononi?"

"Hapewi kitu mkononi, Mama. Anapakua."

"Anapakua wapi?"

"Kwa kompyuta yake."

"Na yako inabaki na ngapi?"

Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Mimi sikucheka. Maisha yangu yote nimeuza maziwa, na maziwa ukimpa mtu, wewe huna tena. Hiyo biashara ya kumpa mtu kitu na bado unacho niliiona kama ya kanisani, si ya sokoni. Jioni hiyo nikamweleza Mama Akinyi juu ya ua. Jirani yetu naye akafikiri, akasema, "Yawa, Mama Chebet, huyo mtoto amegundua ng'ombe asiyekula." Nikajivuna wiki nzima na hayo maneno, ingawa hata leo sina hakika kama alikuwa anakusifu.

Lakini gemu yenyewe naijua. Mimi niko ndani! Msichana anabeba maziwa kwa baiskeli kutoka Kesses mpaka getini kwetu, msimu wa mvua, barabara ni matope, ng'ombe wamelala katikati ya njia, mbwa wanakimbiza, lori la mahindi linapita likirusha maji. Mkebe ukiinama, maziwa yanamwagika. Na mwisho wa safari kuna mama amesimama getini, kitambaa cha kichwa cha buluu, mikono kiunoni. Kitambaa ni changu. Mikono ni yangu. Hata hako kageti kadogo kaliko ndani ya geti kubwa ni ketu, mpaka kutu yake.

Hiyo picha ya mwanzo nimeonyesha kila mtu. Nimemwonyesha mchungaji. Nimemwonyesha yule kijana anayekuja kusoma mita ya stima, akaniuliza kwa nini huyo mama amefungua mdomo. Nikamwambia, "Anakaribisha wageni." Mimi niliishia darasa la saba, na sijui mama mwingine yeyote wa darasa la saba ambaye mtu wa ng'ambo analipa kumwona. Nisiposema mimi, nani atasema?

Kitu ambacho sijawahi kukwambia ni kwamba sikuwa nimewahi kufika mwisho. Kila mara nikifika kwa lile lori, vidole vinanisaliti na maziwa yote yanaenda. Nilikuwa nakwambia, "Nimemaliza, ni nzuri sana," halafu nafunga.

Sasa nikwambie kwa nini niliposikia duka linakata fungu, damu ilipanda. Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka zile chupa tu. Mimi nilikuwa nauza mursik hapa getini, na kila mteja alikuwa na kibuyu chake kwetu. Nilivijua kama watoto. Hiki cha mwalimu, kina shanga nyekundu. Hiki cha yule mama wa kushona, kina ufa uliofungwa na waya. Mtu akija hasemi anataka kiasi gani, anasema, "Yangu iko tayari?" Na yake ilikuwa na ladha yake, kwa sababu huyu alipenda mkaa mwingi, huyu kidogo, na huyu alitaka ikae mpaka ikaze meno.

Halafu supamaketi moja mjini ikanikubali. Mimi! Wakanipa chupa za plastiki na karatasi ya kubandika. Siku ya kwanza niliwavalisha nyote nguo za kanisa tukaenda kuzitazama kwa friji. Nilisimama hapo nikawa nawaambia wanunuzi, "Hiyo chukua, nimeitengeneza mimi, huyu ni binti yangu." Askari akaja akasema kwa heshima, "Mama, unazuia friji." Nikamwambia, "Nazuia vipi na friji ni ya kwangu?"

Wiki hiyo nikafunga biashara ya getini. Wateja wakija na mimi hapo hapo nimekaa, nawaambia, "Nendeni mjini, niko kwa supamaketi siku hizi." Nilipenda sana kuisema hiyo sentensi. Mwalimu akachukua kibuyu chake cha shanga, akasema asante, akaenda. Wakachukua mmoja mmoja. Ni kile cha Mama Akinyi tu kilibaki, kwa sababu alikataa. Alisema, "Mimi mtu wa ziwa nilifundishwa hii kitu na wewe, na siwezi kuinywa kwa chupa kama dawa ya minyoo."

Unajua mwisho wake. Chupa zangu zikasogezwa chini, chini zaidi, mahali mtu akitaka kuziona lazima apige magoti. Halafu ile supamaketi ikafunga tawi lake, nami nikabaki na karatasi za kubandika na ukuta mtupu wenye misumari ambapo vibuyu vilikuwa vinaning'inia.

Kwa hivyo unaona ni kwa nini. Nilisema duka ni broka, na broka ni broka hata akikaa ndani ya kompyuta.

Lakini ngoja, hapo pia nachanganyikiwa. Kwa sababu yule mama wa Kisumu, anayechukua mursik yangu kwa kila harusi ya ukoo wao, alinijulia wapi? Si ni kwa ile chupa ya supamaketi? Aliinunua akipita tu, akaipenda, akasoma karatasi, akauliza mpaka akafika Kimumu. Getini hangenipata hata kwa miaka mia. Nikifika hapa kwa mawazo yangu huwa nasimama, nainuka kuweka chai, na nikirudi bado sijaelewa.

Basi gemu yako ilipotoka nikaamua kusaidia. Nilitangaza kwa kikundi cha akina mama wa kanisa kwamba mtu asinunue dukani, anunue kwako. Nao wakaja. Lakini hakuna aliyetaka kupakua kitu, walikuja na laptopu za watoto wao mkononi, wamezifunga kwa leso. Na ulipogundua ile kona ambapo baiskeli inazama ardhini, wale wa dukani gemu zao zilijirekebisha zenyewe wakiwa wamelala. Wetu walirudi wote. Sebule ilikuwa kama kliniki. Mama mmoja akakuuliza, "Daktari, yangu itapona?" Wewe unaweka gemu upya, mimi namimina chai, na Mama Akinyi anapanga foleni na mwiko mkononi ati watu wasipitane.

Nilikuona siku hiyo, Chebet. Ulikuwa umechoka, lakini ulikuwa unaangalia nyuso zao wakicheza. Yule mama wa maandazi alipomwaga maziwa akapiga meza na kusema, "Shetani hii lori!" ukacheka na ukaandika kitu kwa simu yako. Sijui kama duka hukuletea uso wa mtu. Hilo sijakuuliza.

Sasa nifike kwa yale maoni.

Uliniambia siku moja kwamba huko dukani watu wakinunua huandika maoni, na yakiwa mengi na mazuri, duka linaisogeza gemu mbele wageni waione. Ulisema tu hivyo ukinywa chai. Hukuniomba kitu. Mimi nikasikia ni kazi nimepewa.

Kina mama wakakusanyika kwangu ukiwa umeenda mjini. Akinyi, binti wa jirani, akawafungulia wote akaunti za duka, mmoja mmoja, kwa kompyuta hii moja na mtandao huu mmoja wa nyumba yetu, na tukachanga wanunue ndiyo waruhusiwe kuandika. Mimi nikiwasomea cha kuandika. Nilikuwa nimetunga vizuri sana. "Hii gemu ni ya binti wa Kimumu, mwenye nidhamu, anayemsaidia mama yake. Ni nzuri kushinda zote. Lakini usinunue hapa, hapa wanakata. Nunua kwake mwenyewe." Kila mmoja aliandika hivyo hivyo, hata nukta. Mama wa maandazi alitaka kuongeza kwamba lori ni gumu, nikamkataza.

Duka likaona maneno yale yale yametoka nyumba ile ile saa ile ile. Likayafuta yote. Halafu likaificha gemu yako wakati wanachunguza ni nani huyu anajisifu, na ulipofungua mashine ukidhani umeharibikiwa na kitu, ukakuta barua yao.

Hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza. Uliuliza tu, "Mama, nani aliwaambia waandike sawa sawa?" Nikasema, "Kwani kuna mtu alisema uongo?" Ukachukua baiskeli ukaenda, na mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwa paa.

Mvua ilipiga mpaka ng'ombe wa jirani wakalia. Mimi niliingia na kutoka jikoni, nikajiambia naangalia mahindi kwa moto, na hakukuwa na mahindi kwa moto. Nilitunga maneno mengi ya kukwambia. Nilikuwa na maelezo mazuri sana kuhusu broka. Halafu nikasikia kengele ya baiskeli, nikatoka na gamubuti za baba yako, na ulipokuwa hapo getini, maji yanatoka kwa nywele, maelezo yote yakaniruka. Nikasema, "Umenyeshewa. Ingia, tutaongea baadaye."

Na hatukuongea baadaye. Duka likaifungua gemu tena, wewe ukaendelea na kazi yako, mimi nikaendelea na yangu.

Sasa nimefika kwa kile kitu.

Jana ulipokuwa unapanga sanduku nilienda kwa kina Akinyi. Nilitaka kuinunua gemu yako dukani kama mtu wa kawaida, na niandike maoni moja ya mtu mmoja, kabla hujaondoka. Akinyi akanilipia na kadi yake, maana duka halijui pesa ya simu, nami nikamrudishia. Mama yake akasimama nyuma yetu na kikombe, akasema, "Lakini hii gemu si uko nayo? Unanunua mtoto wako mara mbili?" Nikamwambia, "Wewe nyamaza, niko kazini."

Akinyi akaniambia siwezi kuandika maoni ya kitu sijamaliza. Akaweka vidole vyake juu ya vyangu, tukapita lile lori. Kwa mara ya kwanza nikaona yale ya mbele: msitu, daraja la mbao, taa za Kimumu. Nikafika getini. Na yule mama, mimi, akaweka mkebe wa maziwa chini bila hata kuuangalia, akafungua geti dogo, akasema, "Umenyeshewa. Ingia, tutaongea baadaye."

Chebet, nililia kwa nyumba ya watu. Mama Akinyi alidhani nimemwaga maziwa.

Nikarudi nyumbani nikiwa na maringo ya mwaka mzima. Leo asubuhi ulipoondoka kwenda Kesses nikasema sasa nitafika mwisho peke yangu, bila Akinyi, kwa hii laptopu yako ya zamani, kwa ile gemu uliyoniuzia wewe mwenyewe ilipokuwa mpya. Unakumbuka nilikataa kupewa bure, nikakulipa kwa simu nikiwa nimekaa karibu na wewe, na simu yako ikalia, ukasema, "Karibu, mteja." Nimeicheza asubuhi yote. Ng'ombe nimewakamua kwa kuchelewa. Nimelipita lori. Nimepita msitu na daraja. Nikafika.

Na yule mama akafungua mkebe, akachungulia ndani, akasema, "Yamebaki kidogo hivi? Umechelewa wapi?" Akabeba maziwa akaingia. Geti likafungwa. Msichana akabaki hapo nje na baiskeli, mvua inanyesha, halafu jina lako likatokea, na basi.

Nilifikiri mashine imeharibika. Nikaizima nikaiwasha, nikapiga safari yote tena mpaka vidole vikauma. Maneno ni yale yale. Nikamwita Akinyi juu ya ua.

"Hiyo ni ile ya kwanza, Mama," akaniambia. "Ile ya dukani Chebet akibadilisha kitu inabadilika kwa kila mtu. Lakini ile uliyonunua kwake inakaa vile ilivyokuwa siku alikupa, mpaka wewe mwenyewe uende kuchukua mpya."

"Na mtu akitaka hii ya zamani leo?"

"Kwa ukurasa wake ziko zote mbili, unachagua. Dukani kuna mpya peke yake."

Basi tangu saa hiyo nimekaa hapa. Sijui nikasirike ama nishukuru. Huyo wa kwanza ulimtengeneza ukiwa na hasira, ama ulikuwa unakumbuka tu? Kwa sababu nikijiuliza ukweli, "Umechelewa wapi" nimekuuliza tangu ulipoweza kubeba kitu. Nilikuwa na sababu. Maziwa hayangoji, na nilikuwa na watu getini wanauliza yao iko tayari. Lakini najaribu kukumbuka kama niliwahi kukuangalia wewe kwanza halafu mkebe, na nakumbuka mkebe tu. Nakumbuka ulikuwa umejaa kila mara. Hukuwahi kuumwaga njiani, mwanangu. Kwa gemu ndiyo unamwagika.

Na huyo wa pili, aliyeacha mkebe chini, huyo ni mimi kweli? Alikuwa mimi siku moja, na mvua ndiyo ilisaidia. Nimekuwa nikiwaonyesha watu picha ya huyo mama mwaka mzima bila kujua anasema nini. Kijana wa mita alikuwa na haki ya kuuliza kuhusu huo mdomo.

Sasa jibu. Nilianza hii barua nikitaka kukwambia usifunge, kwa sababu duka siku moja litakusukuma shelfu ya chini na hutakuwa na mtu. Halafu nikafikiria mama wa Kisumu. Halafu nikafikiria kwamba bila duka kujirekebisha usiku, ningefika kwa kina Akinyi nikapata geti limefungwa, na pengine nisingekuwa na nguvu ya kukuandikia. Lakini bila ile uliyoniuzia wewe, nisingejua kwamba kulikuwa na geti la kwanza. Unaona vile nazunguka? Nimezunguka hivi tangu asubuhi, na nyama ya kesho bado haijaingia kwa sufuria.

Kitu kimoja ndicho nina hakika nacho, na nitakwambia hicho tu. Ile supamaketi haikuwahi kuniambia nifunge getini. Hakuna mtu aliniambia. Nilifunga mwenyewe kwa furaha, kwa sababu nilidhani mtu akipanda juu lazima avute ngazi. Sikuuliza. Wewe angalau hao watu wamekwambia kwa mdomo wao, kwa hivyo una mahali pa kuanzia kuuliza. Waambie hivi: hii mpya chukueni, iuzeni dukani, dunia yote imwone huyo mama mzuri, nami nashukuru. Lakini mniachie ukurasa wangu na hii ya zamani peke yake, na wateja wangu wachache wanaolipa kwa simu. Waulize, kisha unyamaze wajibu wao. Usiwasaidie kujibu.

Wakikataa kabisa, basi hapo sijui, Chebet. Unataka hiyo kazi na mimi nataka uipate. Nitakuwa nimeshamwambia kila mtu, unanijua. Ukiweka sahihi sitakuuliza kwa nini. Lakini usiifute ya kwanza ukidhani unanisitiri. Wacha iwe mahali mtu anaweza kuipata. Kuna msichana mahali fulani amebaki nje ya geti na baiskeli, na hiyo ya pili haitamwambia kitu.

Maoni nimeandika. Moja tu, jina langu tu, na sikusema mimi ni nani wako. Niliandika jana usiku nikiwa na huzuni na furaha, na leo baada ya kuona mageti yote mawili nimeyabadilisha. Yanasema: "Nimecheza mpaka mwisho. Lori ni gumu sana, mpunguze. Huyo mama wa getini anaongea vizuri hapa mwisho, lakini sidhani alianza akiwa hivyo. Nitacheza tena." Sikumwambia mtu anunue wapi. Akinyi anasema yameshaonekana na hayajafutwa.

Kibuyu chako nimekitia mkaa kama unavyopenda, kidogo. Kimewekwa juu ya sanduku, usikiweke kwa begi kitalala. Hiyo si maagizo. Hiyo ni habari.

Baba yako amepiga simu sasa hivi, anasema umetoka Kesses kitambo na huko kumeanza kunyesha. Nasikia hata hapa juu ya mabati imeanza. Wacha niache kuandika nitafute zile gamubuti, nikae karibu na geti dogo. Ukifika utakuta liko wazi, na sitakuuliza umechelewa wapi.

Ni mimi mama yako, wa getini,
wote wawili.